Jino la juu

Kijiko kiligonga kitu. Ting', kama kinavyogonga ukingo wa bakuli, ila bakuli lilikuwa mkono wangu wa kushoto na kijiko kilikuwa mdomoni mwa mwanangu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 13 Novemba 2016, saa tatu asubuhi, na uji wa ulezi ulikuwa umefika nusu. Nikaweka kijiko chini, nikanawa mikono, nikapapasa ufizi wa chini kwa ncha ya kidole. Laini. Nikapapasa tena kutoka upande hadi upande. Hakuna kitu. Ndipo nikapeleka kidole juu.

Kilikuwepo. Kijiwembe cheupe kilichochana ufizi wa mbele, chembamba kama ncha ya ukucha wake mwenyewe.

Kwa asiyejua: mtoto anayetangulia kuota jino la juu huitwa kigego. Neno lenyewe hunishangaza, maana gego ni jino la nyuma la kutafunia, na hili lilikuwa la mbele kabisa. Lakini ndivyo walivyoita wazee, na hawakuita kwa mapenzi. Kigego ni mkosi wa nyumba. Zamani, kwa baadhi ya watu wa pwani na bara yake, mtoto wa namna hiyo alitupwa, au akapewa watu wa mbali wasiojua habari zake. Nilipokuwa mdogo nililisikia neno hilo kama tusi kabla sijajua maana yake.

Mimi sikuamini mambo hayo. Nasema sikuamini, lakini nilimfuta mtoto mdomo, nikamlaza begani uso ukitazama ukuta, na mama mkwe alipotoka uani na kuniuliza kama somo yake amemaliza uji, nikajibu, "Amemaliza, mama," na nusu bakuli ilikuwa pale pale mezani.

Ubaya wenyewe ni huo, kwamba alikuwa somo yake. Tulimpa mtoto jina la bibi yake, na bibi, mwanamke wa Pangani aliyeolewa Tanga mjini na kuzeekea Ngamiani, hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita "somo" tu. Sasa nikamwambieje kwamba somo yake ni kigego?

Jioni ile nilifungua daftari langu, nikashika kalamu, nisiandike.

Lazima nieleze habari ya daftari. Mimi ni karani wa hesabu. Siku zile nilishika vitabu vya ghala moja la mizigo. Mtu wa hesabu akipata mtoto hawezi kukaa bila kitabu. Nilinunua kaunta buku, nikapiga mistari ya safu tatu: tarehe, saa, jambo. Jumanne 22 Machi, saa nne asubuhi: ametabasamu, na si la usingizini. Ijumaa 15 Aprili, saa tisa alasiri: ameugundua mkono. Hilo la mkono nalikumbuka kuliko yote. Alikuwa chali kitandani, akauinua mkono wa kulia mbele ya uso, ngumi ikafunguka kidole kimoja kimoja, akaugeuza huku na huku amekunja paji kama fundi saa. Sidhani kama alijua ni wake. Ulipomwangukia usoni alishtuka na kukasirika, kama kwamba kuna mtu amempiga.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku zile 84 za sheria. Alizaliwa 9 Februari, zikaisha 3 Mei, na tarehe 4 asubuhi nikamwachia mama mkwe mtoto na chupa tatu za maziwa niliyokamua, nikapanda daladala huku matiti yananivuja. Sitaki kurefusha hapo. Aliyepita njia hiyo anaijua.

Nilichoogopa ni kwamba mambo yake ya kwanza yatatokea mimi nikiwa ghalani nahesabu magunia. Lakini Mungu alinipa bahati, au hivyo nilivyoona. Jumapili 19 Juni, katikati ya Ramadhani, nilikuwa naosha vyombo vya futari ya jana yake, mama mkwe akaita kutoka ukumbini, "Acha vyombo, mwanangu, njoo ukae hapa." Yeye na funga yake, jua kali, alikuwa ametandika mkeka, amemweka mtoto chali, na pembeni amekunja leso yake nyekundu iliyoiva rangi. "Nikae nifanye nini, mama?" "Ukae tu." Nikakaa. Mtoto akaitazama leso, akanyanyua mguu mmoja, akaupitisha juu ya mwingine, kiuno kikafuata, bega likakwama. Mkono ulibaki chini ya kifua. Alihangaika nao, uso umemwiva, mpaka akauchomoa, na hapo akawa kifudifudi, kichwa juu, anatutazama kama aliyetoka safari. Nilipiga kigelegele peke yangu. Mama mkwe alitabasamu tu, akaondoka kwenda kuangalia maharage.

Mwezi Agosti, Jumapili nyingine, akakaa bila mto. Baba yake, ambaye ni dereva wa lori na huwa nyumbani siku mbili kwa wiki, alidai mwezi wa Septemba kwamba mtoto amemwita. Niliandika: "ba-ba-ba, bila maana." Alisoma, akanuna siku zote mbili.

Kisha Alhamisi 27 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu jioni. Nimeingia tu, hata kiatu sijavua, mama mkwe kakaa na ungo anachambua mchele, mtoto kakaa mbele yake. Punje moja ilikuwa juu ya mkeka. Mpaka wakati ule mtoto alikuwa akichota vitu kwa kiganja kizima, kama anayekomba chungu, na kitu kidogo kilimshinda. Siku ile alinyoosha kidole cha shahada peke yake, akaigusa punje. Ikasogea. Akaigusa tena. Kidole gumba kikaja polepole kutoka upande wa pili, vikakutana, punje ikawa katikati, akaiinua hadi karibu na jicho. Mimi na mama mkwe hatukupumua. Halafu akaitia mdomoni, nikamrukia kuitoa.

Turudi kwenye jino. Jumatatu na Jumanne nilikwenda kazini nikiwa na siri. Jioni nilipokuwa nyumbani na jirani akaingia, nilimpakata mtoto uso kifuani nikasema ana usingizi. Niliona mama mkwe naye anafanya hivyo hivyo, akimchukua tu, kichwa cha mtoto kwenye bega, mkono kisogoni, "Kalala huyu." Nilidhani ananisaidia bila kujua. Nikaona afadhali.

Jumatano tarehe 16 niliomba ruhusa nikampeleka kliniki chanjo ya surua, ile ya miezi tisa. Mama mkwe akavaa buibui akasema tunakwenda wote. Kulikuwa na benchi refu la akina mama, wengi wao wa mtaani kwetu, na mizani ya kuning'inia ambayo watoto wote huichukia. Kilo 8.2, nukta kwenye kadi ikakaa ndani ya rangi ya kijani, nikashukuru. Kisha sindano. Mtoto alikaa kimya kwanza, kama anayetafakari, halafu akafungua mdomo wote.

"Eeh!" nesi akasema kwa furaha ya kweli. "Na jino tayari! La juu limetangulia!"

Benchi likanyamaza. Watoto wanalia, feni inazunguka, ila akina mama walinyamaza, na ukimya ule niliusikia mgongoni.

"La chini lilitangulia," mama mkwe akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa benchi. "Lipo. Ufizi umevimba tu, limejificha."

Huyu ni mwanamke ambaye ukimwambia mwenye duka huna chenji na unayo, hukutazama mpaka uone haya. Sijawahi kumsikia akisema uongo kabla ya siku ile. Nesi alichungulia mdomoni, akamtazama mama, akalitazama benchi, akainamia kadi akaandika bila kuongeza neno. Namwombea dua mpaka leo. Alipotusindikiza mlangoni alininong'oneza kwamba hakuna shida yoyote: meno ya chini ya mbele hutoka kati ya miezi sita na kumi, ya juu kati ya minane na kumi na miwili, na pale yanapopishana, linalowahi ndilo linalowahi.

Tulipanda bajaji. Mtoto alilala mapajani mwa bibi yake, mdomo wazi, na jino likaonekana waziwazi, sasa hakuna wa kulificha. Tulipopita barabara tatu nne ndipo nikauliza.

"Mama, uliliona lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa! Mbona hukuniambia?"

"Na wewe uliliona Jumapili. Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Dereva aliwapigia honi watoto wa shule, akapinda kona. Mama mkwe akamfunika mtoto miguu kwa mtandio.

"Nilisema ataliona mwenyewe Jumapili," akasema, "kama yale mengine."

"Yapi mengine?"

Akanyamaza kidogo. Nadhani lilimponyoka, na alikuwa anapima kama linaweza kurudi.

"Kugeuka," akasema. "Aligeuka Jumanne. Wewe umeondoka hata saa haijapita. Nikamrudisha chali nikamwambia, somo, ngoja mama yako. Akageuka tena, nikamrudisha tena. Wiki nzima hiyo, mwanangu, nimefunga, kazi yangu ni kumpindua mtoto."

"Na punje ya mchele?"

"Siku tatu kabla. Ile punje niliiweka mimi."

Usiku ule nililisoma daftari upya, safari hii kama karani. Haikuhitaji akili nyingi. Kuanzia Februari hadi 3 Mei, saa zilikuwa za kila namna: saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, saa nane usiku. Kuanzia 4 Mei hakuna hata jambo moja lililotokea siku ya kazi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hata moja. Miezi sita, mtoto anajifunza mambo jioni na Jumapili tu. Lau ningekuta kitabu cha ghala kimeandikwa hivyo ningemwita mtunza ghala siku hiyo hiyo.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Kwenye hesabu hatufuti. Tunakata kwa mstari mmoja ili la zamani lisomeke, tunaandika sahihi juu yake. Nilitaka kumwomba tarehe za kweli, moja moja. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Alikuwa kwenye mkeka wake wa kuswalia, bado hajaukunja, na somo yake kalala ubavuni, kashika ncha ya shuka kwa vidole viwili.

"Unataka kuandika?" akaniuliza, maana niliingia na daftari mkononi.

"La jino."

"Andika ulivyoona wewe."

"Ya watu je, mama? Ukigego?"

"Watu nimeshawajibu." Akalala chali akatazama dari. "Mimi niliogopa Ijumaa, sikufichi. Niliogopa mpaka Ijumaa magharibi. Nikamtazama, anataka kung'ata kidole changu, anacheka. Nikasema, basi. Ila sikutaka wewe uogope, ndiyo maana nikanyamaza."

"Nami nilinyamaza usiogope wewe."

"Ndiyo. Haya, zima taa, utamwamsha."

Niliandika la 13 Novemba kama lilivyo, saa tatu asubuhi, kijiko, uji wa ulezi. Yale ya nyuma sikuyagusa. Na mstari unaofuata, ambao ndio wa mwisho katika ukurasa ule, unasema hivi: Jumapili 27 Novemba, saa mbili asubuhi. Jino la chini limetoka. Mama kaniita nikalione.