Muulize Mwenyewe

Siku ya tatu tangu nirudi Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro, nilishikwa na hamu ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Mtori wa nyumbani, wa ndizi mshare zilizokatwa asubuhi hiyo hiyo, siyo ule wa hotelini. Baba alikuwa kwenye benchi lake nje ya jiko. Nikamwambia, baba, naomba panga nikakate mkungu mmoja pale nyuma ya banda. Akanitazama, akalitazama panga lilipochomekwa, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja deni: "Muulize mwenyewe."

Nikacheka nikidhani ni utani. Mwenyewe yupi tena, wakati mwenyewe wa kihamba hiki, shamba letu la ukoo, nimekaa naye benchi moja?

Mwenyewe ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Wachaga wenzangu hawahitaji maelezo hapa. Wa kwanza hukatiwa chake, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, wa katikati ndio hao waliojaza maduka ya nchi hii. Sisi wasichana vihamba vyetu viko kwa waume. Mimi nilikwenda kwa mume, nikarudi bila mume, na mwaka 2007 nikapanda ndege kwenda Uingereza. Kwa hiyo nilijua kwamba siku moja kitakuwa chake. Kumbe kujua ni kitu kimoja, na kumwona baba yako anaomba ruhusa ya ndizi ni kitu kingine kabisa.

Maana baba huyu ndiye aliyetuchapa kwa kuvunja tawi moja la kahawa tukicheza kombolela. Mikono yake ilikuwa ya bluu miezi mizima kwa mrututu, dawa ya kunyunyizia kahawa. Alijua kila mgomba ulitolewa chipukizi kwa nani, na zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, ikifika usiku wa manane alituamsha sote, hata mwenye homa, ili jirani asije akasema maji yetu yamepotea bure. Sasa anatembea humo humo mikono nyuma, kama mtu aliyeingia dukani bila hela. Anasimama chini ya mgomba, anaugusa, anapita. Jana nilimsikia anamuuliza wifi yangu kama mbuzi wanaweza kupewa majani yale ya pembeni. Wifi akamjibu vizuri tu, kwa heshima zote, "wape baba," na hiyo heshima ndiyo iliyoniumiza. Ruhusa ilitoka.

Nimefika Desemba kama watu wote, Moshi imejaa magari ya Dar, kila mtu anajenga geti. Kwetu geti lipo pia. Masale, ile mimea yetu ya mpaka, ya upande wa barabara yameng'olewa, kumejengwa ukuta wa tofali. Sawa, dunia inakwenda. Kahawa ndiyo haikuwa sawa.

Mwaka 2011 nilituma pesa ya miche 200 ya kahawa bora kutoka Lyamungo. Nilifanya zamu za usiku Leeds kwa ajili ya miche ile. Kila nilipochoka nilijipa moyo kwa kuiwazia ikiwa na maua meupe. Nilipokuja kumzika mama 2013 ilikuwa inazaa. Sasa imebaki mitano kaburini kwake, kwingine ni maparachichi ya Hass yamepangwa mistari kama gwaride. Kwenye simu niliambiwa "tumepunguza kidogo." Kama ni kupunguza, basi na mimi mshahara wangu nimewapunguzia.

Mdogo wangu hakutafuta maneno. "Dada, kahawa inalipa mara moja kwa mwaka, mrututu unauzwa kila siku." Na hapo ananishinda, kwa sababu nakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi 1989, mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka. Msimu uliofuata baba alirudi na pesa ambayo haikutosha viatu vya watoto wawili, na sisi tulikuwa sita. Hakung'oa hata mche mmoja. Alisema bei itarudi. Amekaa akiisubiri miaka thelathini na ushee.

Kikao cha kukabidhi kilifanyika 2022. Nilijua kwa picha tu, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: wanaume wamezunguka ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, karatasi juu ya stuli, baba ameinama anasaini. Niliandika, "Hongereni, ni kikao cha nini?" Nikajibiwa kwa kidole gumba. Sikuletewa hata jani moja la isale, na kwetu anayetaka kusamehewa huleta isale.

Usiku ule nilisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, panaposema mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke haina nguvu. Safari hii nimemsomea baba mdogo kifungu chote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa funda la mbege, akauliza kama hiyo sheria itakuja kukata majani ya ng'ombe.

Sikuwa na jibu. Baba alipoanguka mwaka juzi akavunjika nyonga, aliyemgeuza kitandani usiku ni mdogo wangu. Usiku huo huo mimi nilikuwa Leeds nawageuza baba za watu wengine, nalipwa kwa saa. Nilituma pesa ya hospitali, ndiyo, na risiti ninazo. Lakini risiti haimgeuzi mtu.

Hata hivyo mnaotuma pesa kwa ajili ya shamba nawaambia: andikishaneni. Semeni mapema ni zawadi, ni mkopo, au ni sehemu yako. Ukinyamaza kwa upole, pesa yako inageuka "ile ya dada" na inasahaulika kabla mche haujashika. Na kama mzee yuko tayari kukabidhi, ombeni kwenye karatasi hiyo hiyo abakiziwe migomba yake, hata kumi, ambayo hatamuuliza mtu. Kwetu hakuna aliyelifikiria hilo. Tulibishana nani apewe, hatukuuliza anayetoa atabaki na nini mkononi.

Juzi jioni nilimuuliza mdogo wangu, nusu utani, mimi nikifa nitazikwa wapi. Hakusita. "Usijali dada, nafasi yako ipo," akanyoosha kidole pembeni ya kaburi la mama, kati ya ile kahawa mitano. Aliisema kwa upendo, machozi yalikuwa karibu kumtoka. Kumbe kipande ninacho, ila cha kukilalia. Nikashukuru. Ulitaka niseme nini?

Leo alfajiri nimeamshwa na mlio wa panga. Nimetoka na khanga, ukungu umetanda, nikamkuta baba amesimama kwa fimbo yake, nyonga mbovu vilevile, mgomba uko chini na mkungu wa mshare umelala kwenye majani. Umefungwa uzi mwekundu, alama ya mchuuzi kwamba ameshaununua, atakuja kuuchukua Ijumaa.

"Mtori huo," akasema, anahema. Akanikabidhi panga. "Akiuliza, sema umekata wewe."

Saa moja mdogo wangu amepita na daftari lake, akasimama kwenye kisiki. Ameangalia pale mgomba ulipokatwa, akaangalia nyayo na kitundu cha fimbo kwenye udongo mbichi. Mimi nilikuwa namenya ndizi.

"Dada, huu ulikuwa umeshalipiwa."

"Nimekata mimi. Bei gani?"

"15,000."

Nikampa. Akazipokea kwa mikono miwili, akaandika kwenye daftari. Ndani, baba alikuwa anakohoa, kikohozi chake kile cha kuficha kicheko.