Vifaa vya Kujazia Risasi Nyumbani: Ushauri kwa Ndugu Mwindaji Aliye Marekani

Kabla ya presi, ile mashine ya kubania maganda ya risasi, kabla ya mizani, angalia kwanza karatasi zako za uhamiaji. Kila msimu wa kuwinda unapokaribia hapa Missoula, jimbo la Montana, hakosekani ndugu kutoka nyumbani anayetaka nimchagulie vifaa vya kujazia risasi za rifle, na baadhi yao wako huku kwa viza ya masomo au ya kazi ya muda. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya namna hiyo kumiliki bunduki, na inamkataza kumiliki risasi vilevile. Upo mlango mwembamba, mfano ukiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo, lakini usiupite kwa kuniamini mimi. Muulize wakili wa uhamiaji. Mwenye grinkadi au aliyekwisha kuapa uraia hana kizuizi hicho, ila naye asome sheria za jimbo lake. Montana watu wamelegeza kamba. California hata kununua boksi la risasi dukani unapitia ukaguzi.

La pili, usiuze. Kujaza risasi zako mwenyewe hakuhitaji kibali cha serikali kuu, lakini ukizitengeneza kwa biashara unahitaji leseni ya mtengenezaji. Rafiki akikuambia "nijazie na mimi boksi mbili, nitakupa hela ya soda," mkatalie tu. Hata bila hela ningemkatalia. Bunduki yake siijui, na ikimpasukia usoni jina litakalotajwa ni langu.

Sasa kazi yenyewe. Risasi ya rifle ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo kitakoni mwa ganda, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, vitatu vinakwisha na ganda linabaki, nalo ndilo la gharama. Kujaza ni kulirudisha ganda kwenye umbo lake, kulitia fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya. Waliokulia Tabora, Katavi au Rukwa na kuona gobore wataona mambo haya si mageni: hata gobore lina fataki na baruti. Lakini ugeni upo, na ni mkubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi si ile nyeusi ya gobore. Kiwango cha juu kabisa cha mgandamizo kinachoruhusiwa kwa .30-06, aina moja ya risasi za rifle za kuwindia, ni paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari yako lina kama 32. Mzee wa gobore anaweza kukadiria kwa kiganja akarudi nyumbani na nyama. Huku, anayekadiria anakaa meza moja na kifo.

Je, inalipa? Hapa watu hudanganyana. Boksi la risasi 20 za .30-06 zenye kichwa kizuri cha kuwindia ni kama dola 50 kwa bei ninazoziona hapa. Ukijaza mwenyewe, ganda ukiwa nalo, kichwa ni senti 45 hivi, fataki kama senti 10, na pauni moja ya baruti hutosha risasi mia na ushee, kama senti 40 kila moja. Jumla haifiki dola moja. Boksi lililokuwa la dola 50 limekuwa la dola 20. Lakini vifaa vya kuanzia, ukinunua kwa akili, havitapungua sana chini ya dola 400, kwa hiyo utarudisha pesa yako baada ya kujaza risasi karibu 300. Kama wewe unatoka mara moja kwa mwaka kumtafuta elki wako, yule kulungu mkubwa wa huku, unafyatua tatu za kuhakiki darubini na moja ya kazi, basi boksi la dukani linakutosha miaka. Hela hiyo mtumie mama. Kujaza kunamfaa anayekwenda uwanja wa shabaha kila mwezi, au anayetaka risasi inayokubaliana na mtutu wake hasa. Mimi niko kundi la pili, na sioni haya kusema kwamba sehemu kubwa ni kupenda tu kazi ya mikono jioni za baridi.

Ukiamua, swali la kwanza ni presi. Zipo za aina tatu. Ya kwanza inafanya hatua moja kwa kila kuvuta mkono: unaweka ganda, unashusha mkono, unatoa. Ya pili ina sahani inayozunguka, kalibu zote (vile vyuma vya kubania ganda na kukalisha kichwa) zimekaa juu yake, unazungusha bila kufungua na kufunga. Ya tatu hufanya hatua zote kwa pamoja, na kila ukivuta mkono risasi nzima inadondoka. Vijana wanaipenda hii ya tatu kwa sababu kwenye video inapendeza. Kwa rifle ya kuwindia, na kwa mtu anayeanza, mimi naikataa moja kwa moja. Mambo matano yanatokea kwa mvuto mmoja, na wewe bado hujajua hata moja linavyohisi mkononi likienda vibaya.

Chukua ya hatua moja. Lee Precision wa Hartford, Wisconsin, ndio wa bei nafuu, na seti zao za kuanzia zinamfaa mwenye bajeti ndogo. RCBS, jina lililoanzishwa na Fred Huntington kule Oroville, California, wana Rock Chucker, chuma cha kumiminwa, zito, ambalo mjukuu wako atalirithi. Hornady wa Grand Island, Nebraska, na Redding wa Cortland, New York, nao wana presi nzuri. Uzuri ni kwamba karibu kalibu zote za rifle hutumia uzi wa aina moja, inchi 7/8 wenye meno 14 kwa inchi, kwa hiyo presi ya kampuni hii inapokea kalibu za kampuni ile. Hujafunga ndoa na mtu.

Na hapa utamaduni wetu wa mitumba una faida. Wazee wa Montana wakifariki, watoto hufungua gereji na kuuza kila kitu wikiendi moja. Presi ya chuma iliyotengenezwa miaka ya sabini, ikiwa haijapasuka fremu na mkono wake hauchezi, ni sawa na mpya, na utaipata kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili. Ikague, lipa, ondoka. Lakini usiguse baruti ya marehemu, hata kama kopo limeandikwa vizuri. Kopo lililokwisha kufunguliwa hujui ndani mna nini. Fataki zisizo kwenye boksi lake la asili, vivyo hivyo.

Kalibu zinakuja mbili kwa seti: moja inabana ganda lirudi umbo lake huku sindano yake ikisukuma fataki iliyotumika, nyingine inakalisha kichwa kipya. Ndani ya ile ya kwanza ndipo wanaoanza wanapotokwa jasho. Ganda la rifle lazima lipakwe mafuta kidogo kabla ya kuingia. Jirani yangu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, hulipitisha ganda katikati ya vidole viwili vyenye nta, akalizungusha mara moja, akaliangalia kwenye mwanga. Likikosa mafuta, linaganda ndani ya kalibu. Unavuta mkono wa presi na ukingo wa kitako unang'oka, mwili wa ganda unabaki juu umebana kama meno. Kulitoa inabidi kutoboa kitako kwa drili, kukata uzi na kulivuta kwa bolti. Yakizidi mafuta nayo yanaacha mashimo madogo begani mwa ganda. Kwa hiyo kopo la nta ya kulainisha, la dola chache, liandike juu kabisa ya orodha yako.

Pesa iliyobaki iende kwenye mizani. Baruti hupimwa kwa greni, na pauni moja ina greni 7,000. Tofauti ya greni moja huioni kwa macho ndani ya ganda, lakini bunduki inaiona. Mizani ya mkono, ile yenye boriti na uzito wa kusogeza, ni polepole lakini haina betri wala hasira. Ya kidijitali ni ya haraka, ila ile ya bei chee hubadilisha mawazo ukiwasha hita au feni ikipuliza. Yoyote utakayochukua, nunua na vijiwe vya kuhakikia vyenye uzito unaojulikana, uvipime kila unapokaa na kila unapomaliza. Mizani ikikataa kijiwe, kazi imekwisha siku hiyo.

Kitabu cha vipimo si hiari. Hornady, Lyman na Sierra wanachapisha vyao, na watengenezaji wa baruti hutoa takwimu zao bure. Tafuta kichwa chako, baruti yako, fataki yako, uanzie kipimo cha chini kilichoandikwa. Mezani pawe na kopo moja tu la baruti, na likimaliza kazi lirudi kabatini kabla jingine halijatoka. Kipimo alichokupa mtu kwenye kikundi cha WhatsApp kifute.

Vingine nitavipitia upesi. Venia kalipa ya kupimia urefu, kwa sababu ganda hurefuka kila likifyatuliwa na kubanwa, kikatio cha kulipunguza, kifaa kidogo cha kulainisha mdomo wake, faneli, kibao chenye matundu. Chombo cha kukalishia fataki kwa mkono ni raha zaidi kuliko kile cha kwenye presi, maana kidole gumba kinahisi fataki ikifika chini. Mashine ya kuzungusha maganda kwenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa inaweza kusubiri: maji ya moto na sabuni ya vyombo vinatosha mwanzoni, mradi maganda yakauke kabisa. Ila usitumie sufuria ya ugali. Masizi ya fataki yana risasi, ile madini yenye sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Nawa mikono, usile mezani pale.

Chunguza maganda yenyewe kabla ya yote. Mulika tochi mdomoni: tundu moja katikati, endelea, matundu mawili madogo, tupa, sindano itavunjika. Kisha nyoosha pini ya karatasi, kunja ncha yake, uiburuze ukutani ndani ya ganda karibu na kitako. Ikikwama kwenye mfereji, ganda hilo linakaribia kukatika vipande viwili ndani ya chemba ya bunduki. Ukishatia baruti, panga maganda yote kwenye kibao na uyamulike kwa tochi safu kwa safu kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Lenye baruti juu kuliko wenzake au chini yao linamwagwa bila mjadala.

Anayepanga apatimenti hana sababu ya kukata tamaa. Presi inafungwa kwenye ubao mnene, ubao unashikwa mezani kwa jiriwa mbili, ukimaliza unaingia kabatini. Soma mkataba wako wa nyumba na wa bima kwanza. Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili, mbali na joto na mbali na watoto. Kanuni ya moto inayofuatwa sehemu nyingi inaruhusu pauni 20 ndani ya makazi kwa namna hiyo, nawe unayeanza hutahitaji zaidi ya moja au mbili. Usiifungie kwenye sanduku la chuma lisilopumua, maana ikishika moto humo umejitengenezea bomu. Ukinunua mtandaoni, baruti na fataki hutozwa ada ya mzigo wa hatari, kwa hiyo duka la mjini mara nyingi ni nafuu kwa kiasi kidogo.

Na ukiwa unakwenda likizo nyumbani, pindua kila mfuko wa koti na kila kona ya begi ulilobeba porini. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa Turks na Caicos kwa risasi zilizosahaulika kwenye mizigo, na Tanzania nayo ina sheria yake ya silaha na risasi ya 2015 isiyo na mzaha. Mimi nina begi la kuwindia na begi la safari, na hayabadilishani kazi. Fataki na baruti usimwekee mjomba kwenye kontena, hata akikuapia kwamba OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ni rafiki yake.