Picha ndogo ya rangi nne: shajara ya majaribio ya msimbo wa picha

Msimbo wa picha ndio sehemu ya programu ya simu inayoachwa mara nyingi bila majaribio ya yuniti (vipimo vidogo vya kujiendesha vinavyokagua kipande kimoja cha msimbo), na sababu inayotolewa ni ileile: picha hutazamwa kwa macho. Siikubali. Mtumiaji anapopiga picha kitambulisho chake, nayo ikafika kwenye seva imelala ubavu, kosa hilo lina namba zake. Pikseli fulani imekaa kona isiyo yake, na hilo linapimika. Hapa nawaza Android na Kotlin, lugha ya kuandikia programu zake, maana ndiko picha kutoka kamera za kila aina zinakokutana na simu zenye kumbukumbu ndogo.

Kabla ya yote, hesabu itengwe na kazi ya kufungua picha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya 4000 kwa 3000. Ukiifungua yote kwa ARGB_8888, mpangilio wenye chaneli tatu za rangi na moja ya uwazi, kila pikseli inakula baiti 4, jumla baiti 48,000,000, hata kama faili lenyewe lina megabaiti 3 tu. Ndiyo maana tunasoma vipimo kwanza kwa `inJustDecodeBounds`, bila kufungua pikseli, tunakokotoa `inSampleSize`, yaani picha igawanywe kwa ngapi, ndipo tunafungua. Ukokotoaji huo hauhitaji Bitmap, picha iliyofunguliwa kwenye kumbukumbu, hata moja. Unapokea namba nne (upana na urefu wa picha, na wa lengo) na kurudisha moja, kwa hiyo mahali pake ni `src/test`, folda ya majaribio yasiyohitaji simu, unakimbia kwenye kompyuta kufumba na kufumbua.

Usiupe ukokotoaji huo mfano mwema peke yake. 4000 kwa 3000 yenye lengo la 1280 kila upande itarudisha 2, sawa. Sasa upe panorama ya 8000 kwa 600: kanuni inayosubiri pande zote mbili zizidi lengo itarudisha 1, na utafungua baiti 19,200,000 kwa ajili ya kijipicha. Upe 4000 kwa 1: upande mrefu ukishushwa hadi 1280, mfupi unakuwa 0.32, `toInt()`, inayokata desimali, inaufanya 0, na `createScaledBitmap` inarusha hitilafu. Upe -1, ambayo `BitmapFactory`, kifunguzi cha picha cha Android, huiacha kwenye `outWidth` (upana uliosomwa) faili lisipokuwa picha. Upe 30000 kwa 20000: ukizidisha kwa 4 unavuka 2,147,483,647, kikomo cha namba ya aina ya Int, nayo inageuka hasi, na ulinzi wako wa kumbukumbu unairuhusu picha kubwa kuliko zote. Tumia Long, aina yenye nafasi kubwa zaidi. Pia hakikisha jibu ni kipeo cha 2 kila mara, kwa sababu nyaraka za Android zinasema thamani nyingine, kama 3, hushushwa hadi kipeo cha 2 kilicho karibu.

Halafu kuna mazingira yenyewe, na hapa ndipo majaribio mengi yanapopita bila kuthibitisha chochote. Madarasa ya Android ndani ya `src/test` ni maganda matupu. Ukiita `decodeStream` unapata hitilafu inayosema "not mocked". Dawa inayokimbiliwa ni `returnDefaultValues = true`, na matokeo yake ni null (yaani hakuna kitu) na sifuri kila mahali. Kwa msimbo wa picha naiona kuwa dawa mbaya. Robolectric, maktaba inayoiga Android kwenye kompyuta, ni bora zaidi, ila katika hali yake ya zamani Bitmap ni ya bandia: ina upana na urefu, lakini usitegemee pikseli zake. Kuanzia toleo la 4.10 unaweza kuweka `@GraphicsMode(GraphicsMode.Mode.NATIVE)` juu ya darasa la jaribio, na picha inafunguliwa kwelikweli. Jaribio la kwanza katika darasa liwe la kupima mazingira: fungua PNG nyekundu, soma pikseli ya katikati, thibitisha ni nyekundu. Likifeli hilo, usiamini mengine yote yaliyo chini yake.

Sasa picha ya majaribio. Ninayoipenda ni JPEG ya pikseli 64 kwa 32, imegawanywa robo nne: nyekundu juu kushoto, kijani juu kulia, buluu chini kushoto, nyeupe chini kulia. Kila kipimo kina sababu. Haina pande sawa, kwa sababu mraba unaficha kosa la kubadilishana upana na urefu. Rangi ni nne, kwa sababu mbili zinaficha picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Kila robo ni 32 kwa 16, kwa sababu JPEG iliyopunguziwa rangi kwa mtindo wa 4:2:0 hufanya kazi kwa vipande vya 16 kwa 16, hivyo hakuna kipande kinachobeba rangi mbili. Usisome mipakani, rangi huchanganyika hapo. Soma katikati ya kila robo: (16,8), (48,8), (16,24), (48,24). Tena usilinganishe baiti kwa baiti. JPEG hupoteza, na simu mbili zinaweza kutoa mafaili tofauti kwa picha ileile. Ruhusu tofauti ya hadi 10 kwa kila chaneli ya rangi.

Kutoka picha hiyo tengeneza nakala nane kwa `ExifInterface`, chombo cha kusoma na kuandika EXIF (maelezo ambayo kamera huyaficha ndani ya faili), kila moja na thamani yake ya lebo ya Orientation, inayosema picha izungushwe au igeuzwe vipi, 1 hadi 8. Kwa 6, baada ya kunyooshwa, picha iwe 32 kwa 64, na juu kushoto iwe buluu, juu kulia nyekundu, chini kulia kijani, chini kushoto nyeupe. Kwa 5, nyekundu na nyeupe zinabaki kona zao, kijani na buluu zinabadilishana. Wengi hushughulikia 3, 6 na 8 pekee, na 2, 4, 5 na 7 zinapita bila kuguswa.

Kuna mtego hapa unaostahili jaribio lake. `BitmapFactory` haiangalii EXIF, lakini `ImageDecoder`, kifunguzi kipya kilichokuja na API 28 (Android 9), huizungusha picha yenyewe. Msimbo wenye njia mbili, moja ya simu za zamani na nyingine ya mpya, unaweza kuzungusha mara mbili. Kosa hilohilo linatokea ukinakili lebo za EXIF kutoka faili la awali kwenda lililokwisha kunyooshwa. Basi pitisha tokeo kwenye msimbo wako mara ya pili: rangi zisihame hata moja.

Picha hizo zikae kwenye `assets`, au `src/test/resources`, kamwe si `res/drawable`. `decodeResource` hukuza kulingana na msongamano wa skrini, na kwenye simu ya xxhdpi, yenye msongamano mara tatu ya ule wa msingi, ile 64 kwa 32 inakuwa 192 kwa 96.

Mkondo wa data, ambao baiti za faili husomwa kupitia kwake, nao hudanganya. `ByteArrayInputStream` inakubali `reset()`, yaani kurudi mwanzo, kwa hiyo jaribio linasoma vipimo, linarudi mwanzo, linafungua picha, linapita. `FileInputStream` haikubali, na mkondo unaotoka kwenye ghala la picha la simu haukuahidi chochote. Kwenye majaribio tumia mkondo ambao `markSupported()` yake inarudisha false, na uhesabu umefunguliwa mara ngapi na kufungwa mara ngapi. Msimbo ukipokea fanksheni ya kufungua mkondo badala ya mkondo wenyewe, tatizo linaisha.

Mengine ni mafupi. Kata JPEG katikati, uamue programu ijibu nini. Usiache picha yenye nusu ya kijivu ipakiwe. Ipe PNG iliyopewa jina la .jpg, baiti zake za mwanzo ni 89 50 4E 47, hizo ndizo za kuaminiwa. PNG yenye uwazi ikigeuzwa JPEG inapata mandhari nyeusi, basi chora nyeupe kwanza na uisome pikseli hiyo. Na kama una kitanzi kinachopunguza ubora hadi faili lishuke chini ya KB 200, kijaribu kwa PNG: namba ya ubora hupuuzwa huko, na kitanzi kisicho na kikomo hakitasimama.

Mwisho weka nakala yenye viwianishi vya GPS. Ukishaichakata, fungua tokeo kwa `ExifInterface` na uthibitishe `latLong`, inayosoma viwianishi hivyo, inarudisha null, kwa sababu picha nyingi hupigwa nyumbani kwa mtu.