Mwanagenzi akiuliza "kwa nini"

Mafundi wakongwe wa mashua wa Matondoni, kisiwani Lamu, walijifunza kwa macho. Mwanagenzi alishika ncha ya ubao na kufagia vumbi la mbao, na tezo, kifaa cha kuchongea mbao mfano wa shoka, akaigusa baadaye sana. Kijana wa leo, aliyemaliza kidato cha nne, huuliza siku ya kwanza: nitalipwa ngapi, lini, na kwa nini tunafanya hivi? Wazee wengi husikia utovu wa adabu. Kwangu, hilo "kwa nini" ndilo hasa la kushika.

Chukua kalfati, kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao ili maji yasiingie. Nyuzi za pamba hulowekwa mafuta, zikasokotwa, zikapigwa kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mzee humwambia kijana, "Piga mpaka isikike." Yeye sauti hiyo anaijua, mwanagenzi hajaijua bado. Basi ampe sababu: ubao ukinywa maji huvimba. Pamba ikishindiliwa kupita kiasi, mbao husukumana na misumari ikalegea. Ikiwekwa legelege, bahari huitoa. Na tundu la msumari vilevile: likiwa jembamba mno ubao hupasuka, likiwa pana msumari haushiki.

Simu usimnyang'anye. Apige video ya mataruma, yaani mbavu za mashua, kabla hayajafunikwa na mbao, maana baadaye hayaonekani tena. Ila tezo ikianza kazi, simu ikae mbali: tezo huchonga kuelekea mguuni.

Malipo ndiyo yanayovunja wengi. Desturi ya kungoja mwenye chombo alipe kwanza haimfai kijana. Hungoja wiki mbili, kisha akaenda kuendesha bodaboda, na haki anayo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi, na siku 1 ya mapumziko katika kila 7. Karatasi moja yatosha: kiwango, siku ya kulipwa, na kazi atakazofundishwa kwa mpangilio.

Kijana naye ana upungufu wake: kurudia humchosha, ataka taruma kabla mkono haujazoea pamba. Mpe mshono mmoja, ule mstari kati ya mbao mbili, awe ni wake tangu mwanzo hadi mwisho. Mashua ikishushwa, maji kidogo siku ya kwanza ni kawaida, mbao hazijavimba. Yakiendelea baada ya hapo, mwache ashuke ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, mwenyewe na taa, aanze kukagua mshono wake.