Chenga za Kijani

Juzi jioni binti yangu alirudi kutoka kwenye pipa la maji ya mvua, kiganja chake kimetapakaa kijani, akaniuliza, "Baba, hivi ni vitu gani?" Nami, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, nikamjibu kuwa ni mwani. Alikuwa amekwisha kwenda zake niliposhikwa na aibu ambayo nilidhani niliizika Mwanza mwaka 1998.

Wakati ule gumzo la Ziwa Victoria lilikuwa magugu maji, yaliyokuwa yakiziba gati na kuwafungia wavuvi mitumbwi yao. Sisi wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo tulitumwa kuorodhesha mimea midogo iliyojibanza katikati yake, kazi ambayo hakuna aliyeigombea. Nilipangiwa kijito kilichopita nyuma ya mwalo mmoja. Nilichota ndoo ya maji ya kijani, nikaipeleka maabara, na kabla sijaketi nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye kibandiko: Lemna minor, jina la kisayansi la mmea mdogo unaoelea juu ya maji, na jina pekee la kundi lile nililolikariri, tena kutoka kitabu kilichoandikwa Ulaya.

Mzee aliyetunza mimea iliyokaushwa hakuwa mtu wa kukemea. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akasoma kibandiko changu taratibu, kisha akataka kujua mizizi ilikuwa mingapi.

"Sijahesabu, Mzee."

"Basi jina umelitoa wapi, mwanangu?"

Akaleta sahani nyeupe ya bati, akamimina maji kidogo, akanikabidhi sindano na lenzi ya mkononi. Mimea hii huchanua kwa nadra mno, kwa hiyo anayesubiri ua ili aitambue atasubiri sana. Hata kile kinachoonekana kama jani si jani kamili, bali ni mwili mzima wa mmea uliobanwa kuwa kitu kimoja, na watoto wake huchipuka ubavuni mwa mama. Lemna huwa na mzizi mmoja tu kwa kila kijani, yaani kila kijimea chenye sura ya jani dogo. Nilipopindua cha kwanza kwa ncha ya sindano, nikaona tumbo la rangi ya zambarau iliyoiva na kishungi cha mizizi ambayo niliihesabu mara mbili, nikapata tisa. Ilikuwa Spirodela polyrhiza. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiweka kwenye Lemna mwaka 1753, mwenzake Schleiden akaiundia jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya Spirodela mwaka 1839, na polyrhiza kwa Kigiriki ni "yenye mizizi mingi", kwa hiyo ningeweza kusahihishwa na jina lenyewe kama ningekuwa nalijua.

Nilidhani somo limekwisha. Mzee, hata hivyo, alikuwa ameinamia ndoo, akiigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Na zile chenga umeziweka wapi?"

Chenga zipi? Nikamweleza, kwa fahari kidogo, kwamba sampuli ilikuwa na uchafu kama punje za mchanga wa kijani, nami nilikuwa nimeisuuza vizuri kwenye sinki mpaka vikabaki vijani vizima vyenye sura. Hakusema neno. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akasogeza lenzi kwenye ukucha wa kidole gumba, na pale, kwenye mkunjo wa ngozi, kulikuwa na punje tatu. Akanipa lenzi. Zilikuwa viyai vya kijani kibichi, vimevimba, havifiki milimita moja, havina mzizi hata wa kusingiziwa, na kimojawapo kilikuwa kikitoa mtoto kwa upande, kama kitone kinachojiandaa kudondoka. Mzee alisema huenda ni Wolffia, jenasi yenye mimea midogo kuliko yote duniani inayotoa maua. Niliendelea kutazama, taa ya meza ikiwa karibu na kidole, nikasahau kabisa kuomba tone la maji. Nilipokumbuka, punje zote tatu zilikuwa zimesinyaa.

Usiku ule mvua ikanyesha, na asubuhi kijito kilikuwa maji ya udongo matupu. Niliomba ruhusa ya kuandika Wolffia hata kwa alama ya kuuliza. Mzee akakataa, kwa kuwa hapakuwa na sampuli ya kumwonyesha mtu mwingine. Nilikasirika wakati ule. Siku hizi sina uhakika kama ningefanya tofauti mahali pake, wala sijui tuliona nini.

Jana nilitafuta ile lenzi hadi nikaipata kwenye droo ya misumari, nikamwita binti yangu tukaleta sahani. Alihesabu vijani kumi na viwili, kila kimoja mzizi mmoja, basi nikamwambia ni Lemna, na kwamba spishi yake tutaitafuta kwa ncha ya mzizi na ala yake, yaani kifuko kinachozunguka chanzo cha mzizi. Chini yake kulikuwa na punje nyingine ambazo hatukuwahi kuzifikia, giza likaingia. Mama yake ameagiza pipa limwagwe kabla ya Jumamosi kwa sababu ya mbu, na hana kosa. Asubuhi hii nimekuta kikombe cha chai, kimefunikwa kwa sahani, chini ya kitanda cha mtoto.