Mwenzako akizima simu, ujumbe unakaa wapi? Jami na Briar kwa mtu wa Tanga

Programu zinazounganisha simu na simu moja kwa moja zina raha yake: hakuna seva katikati, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweka daftari la nani kaongea na nani. Ila kwa miaka mingi zilikuwa na kasoro iliyowakimbiza watu. Bila seva, ujumbe haukuwa na pa kukaa kumsubiri mwenye nao. Uko Chumbageni, unamwandikia mtu wa Pangani usiku, simu yake imezima. Alfajiri anawasha, wewe umelala na data umefunga. Hamkutani. Huku kwetu, ambako kuzima data ili bando lifike mwisho wa wiki ni jambo la kawaida, kasoro hiyo ilitosha kuwarudisha watu kwenye programu za kampuni kubwa.

Jami na Briar zimelishughulikia jambo hili, kila moja kwa njia yake. Zote mbili ni programu huru chini ya leseni ya GPL toleo la 3, inayomruhusu yeyote kuusoma na kuubadili msimbo wake, hazina matangazo, haziombi namba ya simu, na zinapatikana F-Droid, duka la programu huru za Android.

Jami inatengenezwa Montreal, Kanada, na Savoir-faire Linux, na ni sehemu ya GNU, mradi wa programu huru. Ilianza kwa jina la SFLphone, ikaitwa Ring, na jina la sasa imelipata Desemba 2018. Badiliko kubwa lilikuja na toleo la Taranis la mwaka 2022: kila mazungumzo yakawa hifadhi ya Git, kama zile wanazotumia waandishi wa programu kutunza kila badiliko la kazi yao. Kila ujumbe ni rekodi ndani ya hifadhi hiyo, na kila aliyemo kwenye kikundi anayo nakala nzima.

Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Chukua kikundi cha ndugu: mmoja Makorora, mmoja Muheza, mmoja Lushoto, mmoja Muscat. Wa Makorora anaandika asubuhi, na aliye hewani wakati huo ni wa Muheza peke yake. Wa Makorora anazima data. Mchana, yule wa Muscat anapowasha simu, ujumbe anaupata kutoka kwa wa Muheza, mwandishi akiwa hayupo kabisa. Faili na picha zenyewe hazikai ndani ya Git, kinachokaa ni alama yake ya utambulisho. Yeyote aliyekwisha kuipakua anaweza kumpa mwenzake. Wawili wakiandika huku hawaonani, matawi mawili ya mazungumzo yataunganishwa baadaye. Ndiyo maana mara nyingine ujumbe wa jana unajitokeza ghafla juu ya ule ulioukuta. Hakuna kilichopotea.

Lakini mkiwa wawili tu na hamuwi hewani kwa pamoja, Git haiwasaidii. Dawa ni kifaa cha tatu: simu ya zamani au kompyuta iliyo kwenye waifai muda wote, iliyounganishwa na akaunti yako hiyohiyo. Fungua mipangilio ya akaunti, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, ongeza kifaa. Matoleo ya zamani yanakupa PIN inayodumu dakika 10 tu, mapya yanatumia msimbo wa QR. Sasisha vifaa vyote viwili kabla ya kuanza, na viwe na intaneti vyote.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni simu yenyewe kuiua programu ili kutunza betri. Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya betri, uiruhusu Jami ifanye kazi bila kikomo, kisha kwenye Jami uwashe kipengele cha kuanza simu inapowaka, maana umeme ukikatika na simu ikazima hutaki kutegemea mtu aje aifungue. Na simu inayokaa kwenye chaji siku nzima iwekwe penye hewa. Betri ikianza kuvimba, iondoe hapohapo.

Simu za sauti na video nazo zina mambo yake. Katika mkutano wa Jami, anayeuanzisha ndiye mwenyeji: kifaa chake kinapokea picha za wote, kinazichanganya, kinazirudisha kwa kila mmoja. Tuseme mko watano na kila mkondo wa video unakula kilobiti 500 kwa sekunde. Mwenyeji anapakia mikondo minne, yaani megabiti 2 kwa sekunde, na kupakua minne mingine. Kwa nusu saa hiyo ni takriban MB 900, wakati kila mmoja wa wengine anatumia kama MB 225. Mwenye bando la simu asianzishe mkutano. Aanzishe aliye kwenye faiba, au mumteue mwenyeji wa kudumu katika mipangilio ya kikundi. Kwa kikao cha ukoo zima video kabisa. Sauti inatosha.

Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP (namba inayokitambulisha kifaa kwenye intaneti), kwa hiyo simu mbili zinaweza kushindwa kufikiana moja kwa moja. Hapo Jami hupitisha data kwenye seva ya TURN, yaani seva ya kupokezana data kati ya simu mbili, ya kawaida ikiwa turn.jami.net. Seva hiyo inaona pakiti zilizosimbwa, haisikii maneno. Ukiizima TURN kwa kudhani unaongeza faragha, simu nyingi zitaita bila kuunganika.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Tanzania iliyumba vibaya. Siku kama hiyo Jami inaweza kufanya kazi ndani ya waifai moja, ofisi kwa ofisi au chumba kwa chumba, ila kwa matayarisho. Kwenye mipangilio ya juu ya akaunti, washa utafutaji wa vifaa vya karibu na uzime proksi ya DHT (DHT ni mtandao wa vifaa ambao Jami huutumia kuwatafuta watu bila seva kuu). Proksi hiyo inaokoa betri kwa kuifanyia simu kazi ya mtandao, lakini iko nje, na nje hakufikiki. Pia jina la mtumiaji halitatafutika, kwa sababu orodha ya majina iko kwenye seva ya ns.jami.net. Wasiofahamiana watahitaji kuskani QR au kuandika utambulisho wenyewe wenye herufi na tarakimu 40. Ongezeni watu mapema, mkiwa na mtandao.

Briar ni kitu kingine. Haina simu za sauti wala video. Ni maandishi, picha, vikundi na majukwaa. Intaneti ikiwepo inapita kwenye Tor, mtandao unaoficha mtumiaji alipo, isipokuwepo inatumia Bluetooth au waifai ya pamoja. Hotspoti ya simu isiyo na bando inatosha kabisa. Mahali pa kuwa makini ni waifai za nyumba za wageni na migahawa: nyingi zimewekwa ili vifaa vya wateja visionane, na Briar itaonyesha mwenzako hayupo ingawa mmekaa meza moja. Mmoja awashe hotspoti yake.

Swali la ujumbe unaosubiri, Briar imelijibu kwa programu ya pili iitwayo Mailbox. Unaiweka kwenye simu ya akiba, si ile yenye Briar, na kuiacha nyumbani au dukani kwenye chaji na waifai. Ikiisha kuwaka inaonyesha QR. Kwenye Briar ingia mipangilio, chagua Mailbox, skani. Tangu hapo watu wako wanaacha ujumbe humo ukiwa hewani au hupo, na Mailbox haiwezi kuusoma. Ikigoma kuunganika, angalia saa kwanza. Simu iliyokaa kabatini muda mrefu hurudisha tarehe nyuma miaka, na Tor haikubali saa iliyopotea. Kumbuka pia kwamba Mailbox inafikiwa kwa Tor, kwa hiyo intaneti ikikatika nayo inanyamaza.

Kwa hali hiyo kuna njia ambayo nadhani inastahili kujulikana zaidi ukanda huu: kadi ya memori. Fungua mazungumzo na mtu husika, kwenye menyu chagua kuunganika kwa hifadhi ya kuchomoa, tuma data, hifadhi faili kwenye kadi au fleshi. Mpe abiria wa gari la Pangani au nahodha wa chombo kinachovuka kwenda Pemba. Faili imesimbwa na ni ya mtu mmoja tu. Mwingine akiiokota haimfai kitu. Mpokeaji anaingia menyu ileile na kuchagua kupokea. Asiye na Briar, mtumie programu yenyewe bila intaneti kupitia kipengele cha kushiriki kwenye mipangilio: simu yako inafungua hotspoti, yeye anaskani na kupakua, akiruhusu usakinishaji kutoka nje ya duka la programu.

Tofauti moja isipuuzwe. Kwenye Jami, unayeongea naye anaweza kuiona anwani yako ya IP, kwani ndiyo maana ya kuunganika moja kwa moja. Kwa ndugu na wafanyakazi wenzako si tatizo. Kwa mwandishi wa habari anayezungumza na mtoa taarifa asiyetaka kujulikana alipo, tumia Briar.

Nywila ikisahaulika, hakuna ofisi ya kuipigia, kwa Jami wala Briar. Jami inakuruhusu kuhamisha akaunti kwenye faili ya akiba: fanya hivyo siku ileile unayoifungua, weka kwenye fleshi, na chagua jina vizuri maana likishasajiliwa halibadilishwi. Briar haina nakala ya akiba ya akaunti. Simu ikiibiwa, utaanza upya na kuongeza watu wako mmoja mmoja. Na kila simu ikizima na kuwaka, Briar inasubiri uandike nywila ndipo ianze kupokea, hivyo ifungue mara umeme unaporudi.