Barabara ya M-209 kwa Miguu

Jumamosi, usiku

Leo nimeimaliza kwa miguu, tangu mwanzo wake hadi mwisho, njia iliyokuwa barabara kuu ya Jimbo la Michigan, huku Marekani, na hata jasho halikunitoka. Iliitwa M-209. Ilichepuka kutoka barabara nyingine ya jimbo, M-109, katika Kaunti ya Leelanau, ikateremka hadi kijiji cha Glen Haven ukingoni mwa Ziwa Michigan, na kilometa moja haikufika. Mimi nilihesabu hatua mia nane na ushei. Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alitazama mbele akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo imekwisha hivyo?"

Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa fupi kuliko barabara zote za jimbo, mpaka katikati ya miaka ya 1990 ilipokabidhiwa kaunti, na sifa hiyo ikahamia M-212 ya huko Aloha, Michigan hiyo hiyo. Kibao cha namba kiling'olewa, lakini njia ipo na magari yanapita.

Kilichonishughulisha ni sababu ya kipande kama hiki kupewa namba, na nadhani jawabu nililiona majini. Ukilipita duka la zamani na kiwanda chekundu walichosindikia cheri, ambacho sasa kimehifadhi boti za kale, unakuta ufukweni visiki vya nguzo za gati, vyeusi, vingine vikichungulia maji kwa kimo cha kiganja tu. Hapo ndipo meli za mvuke zilipotia nanga kupakia kuni za kuchochea injini zao. Mfanyabiashara D. H. Day alifika mwaka 1878, na baadaye kijiji kizima kikawa chake, pamoja na misitu na mashamba ya cheri. Kwa hiyo njia hii ilikuwa ikielekea bandarini, na njia ya bandari haipimwi kwa urefu. Miti ilipokwisha na meli zikaacha kuja, namba ilibaki kibaoni kama jina la marehemu mlangoni. Kuanzia 1935 hadi 1978 yalikuwapo magari ya kupandisha wageni kwenye vilima vya mchanga, na mwaka 1970 eneo lote likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya Sleeping Bear Dunes.

Tuliporudi makutanoni, dereva mmoja alisimama akatuuliza njia hii inaelekea wapi. Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu, alimnyooshea kidole ziwani.